Korongo Taji Hana Ugomvi na Mkulima

Hoja yenyewe husemwa kwa upole, ndiyo maana hupita bila kuulizwa. Watu wameongezeka, ardhi haiongezeki, na kinamasi kilichokaa bure hakimlishi mtoto wa mtu. Korongo taji ni ndege mzuri, hakuna anayebisha, lakini kati ya ndege na binadamu, binadamu kwanza. Anayempenda sana amtafutie nafasi hifadhini, na wanavijiji waelimishwe wasimsumbue. Utaisikia hoja hii kwenye baraza la chifu Trans Nzoia, kwenye vikao vya halmashauri Kagera, na kwenye warsha za Kampala ambako kila mshiriki hupewa chupa ya maji na kalamu. Wanasiasa wanaikubali, wawekezaji wanaipenda, na kinachonikera zaidi ni kwamba wahifadhi wengi nao wanaiamini, ila wao huisema kinyumenyume: watu wamezidi, basi tuwaondoe watu.

Wote hao wanakubaliana jambo moja, kwamba ndege huyu na mkulima hawawezi kukaa bonde moja. Jambo hilo si kweli, na kwa kuwa si kweli, karibu kila linalojengwa juu yake linakwenda kombo.

Tuanze na ndege mwenyewe, maana wengi wanaomsemea hawajamtazama anavyoishi. Duniani kuna aina 15 za korongo wa ukoo huu. Karibu wote hulala chini au wamesimama majini. Wenye taji, ambao ni aina mbili tu na wote ni wa Afrika, wana kidole kirefu cha nyuma kinachowawezesha kushika tawi, kwa hiyo jioni hupanda miti. Katika nchi zetu miti hiyo mara nyingi ni mikaratusi iliyopandwa na mtu kando ya shamba lake. Asubuhi hushuka, wala haendi kusimama majini kama yangeyange anayesubiri samaki. Huenda malishoni. Hutembea kwenye nyasi fupi, kwenye mabua yaliyovunwa, nyuma ya ng'ombe wanaofukuza panzi, naye hupiga miguu chini kwa kishindo ili wadudu waruke, kisha huwadona. Hula mbegu, minyoo, vyura, mijusi wadogo, chochote kinachopatikana penye nyasi zilizoliwa na mifugo. Jiko lake ni shamba, kitanda chake ni mti wa mtu, na kinamasi ni chumba chake cha uzazi.

Chumba hicho nacho si kikubwa kama watu wanavyodhani. Akisikia neno kinamasi, mtu wa mjini hufikiria maziwa mapana na mafunjo yasiyo na mwisho. Korongo taji hutaga sana kwenye vinamasi vidogo, vile vya kichwa cha bonde, ambavyo ramani nyingi hazivionyeshi na ambavyo mtu mzima huvivuka kwa dakika chache akiwa amekunja suruali. Anachotaka ni maji ya kina kifupi na ndago au matete yanayofika kiunoni. Dume na jike huyakanyaga yakalala, wakapata jukwaa la mviringo katikati, na hapo jike hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne. Hiyo ni idadi kubwa kuliko ya korongo wengine wa ukoo wake. Wanaatamia kwa zamu kwa takribani mwezi mmoja. Makinda hutembea mapema mno, na baada ya muda mfupi familia nzima hutoka kinamasini kwa miguu kwenda kutafuta chakula malishoni, kwa sababu makinda hawawezi kuruka mpaka wafikishe miezi miwili, pengine mitatu. Katika miezi hiyo hata wazazi hulala chini pamoja nao. Hicho ndicho kipindi cha hatari, cha mbwa, cha mtoto mwenye kombeo na cha mtu aliyeahidiwa pesa na mnunuzi.

Sasa mpeleke ndege huyu hifadhini. Mpeleke wapi? Hifadhi zetu nyingi zilichorwa kwa ajili ya tembo, nyumbu na simba. Ni kweli korongo taji yupo Ngorongoro na yupo Akagera, na wageni humpiga picha. Lakini angalia Saiwa Swamp, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa majini. Ukubwa wake haufiki kilomita tatu za mraba. Na jozi ya korongo inayotaga haikubali jirani. Ina bonde lake, inalilinda, na jozi nyingine ikikaribia hufukuzwa kwa mbio na mbawa. Huwezi kukusanya jozi za Trans Nzoia yote ukazibana katika kinamasi kimoja chenye ua na lango. Sehemu kubwa ya ndege hawa huishi nje ya hifadhi, kwenye ardhi za watu binafsi na za vijiji, Uasin Gishu, Nyandarua, Ankole, Kigezi, Masaka, Karagwe. Kwa hiyo anayesema "aende hifadhini" ametamka hukumu ya kifo bila kuitaja kwa jina.

Nimalizane pia na wale wanaosema kwamba ndege huyu hajapungua, kwani mwezi wa kiangazi waliona kundi la mia mbili kwenye shamba la ngano. Naamini waliwaona. Lakini kundi la kiangazi lina vijana wengi ambao bado hawajafikia kutaga, na watu wazima wasio na bonde. Jozi yenye kiota hukaa peke yake. Zaidi ya hayo, ndege huyu huishi miaka mingi, ishirini na zaidi, kwa hiyo vinamasi vyote vya wilaya vinaweza kukauka leo na kundi likaendelea kuonekana kwa miaka kumi, ndege wale wale wakizeeka pamoja. Kinda wa mwaka huu hujulikana kwa kichwa chake cha kahawia na taji fupi ambalo bado halijachanua, na mashavu yake hayajawa meupe. Ukiliona kundi, tafuta hao. Kundi lisilo na makinda ni kundi la wastaafu.

Katikati ya miaka ya 1980 ndege hawa walikadiriwa kupita 100,000 kutoka Uganda na Kenya hadi Afrika Kusini. Makadirio ya karne hii ni ya chini sana kuliko hapo, na mwaka 2012 Shirikisho la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliwaingiza katika daraja la walio hatarini kutoweka. Watu hawakuanza kuishi Kigezi mwaka 1985. Milima ile ilikuwa na mashamba na watu wengi kabla ya wakoloni kufika, na korongo walikuwa wanacheza ngoma yao mabondeni. Kama kuongezeka kwa watu peke yake kungemmaliza, angekwisha zamani.

Kilichobadilika ni maji. Na hapa hoja ya upole hugeuka kuwa na macho ya kuchagua. Mwenye jembe akichimba mfereji apande viazi huitwa mvamizi wa ardhi oevu. Mwenye tingatinga akichimba mfereji huo huo mara mia huitwa mwekezaji. Simtetei mwenye jembe kwa kila kitu, naye hukausha. Lakini mfereji wa jembe hujaa tope msimu ukipita usiposafishwa, na ndago hurudi. Mfereji wa mashine hauzibiki, na bonde lililofukiwa kwa kifusi likajengwa ghala halirudi tena.

Uganda ndiyo mfano unaouma. Katiba yake ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashika ardhi oevu kwa amana kwa niaba ya wananchi wote. Mwaka huo huo nchi ilikuwa na sera ya ardhi oevu, wakati majirani wengi hawakuwa wamelifikiria jambo hilo. Ndege mwenyewe yumo kwenye bendera tangu uhuru, na timu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake. Na bado, kutoka zaidi ya asilimia 15 ya eneo la nchi mwaka 1994, ardhi oevu ilishuka hadi karibu asilimia 9 katika miongo miwili iliyofuata. Nenda Namanve, mashariki mwa Kampala, uone eneo la viwanda limekaa wapi. Pita barabara ya Kampala kwenda Masaka, pale Lwera, uone mashimo ya mchanga na mashamba makubwa ya mpunga pembeni mwa ziwa. Juni 2024 tingatinga zilibomoa nyumba za wakazi katika kinamasi cha Lubigi, na waliolia mbele ya kamera walikuwa watu wa kawaida wenye magodoro kichwani. Wenye vibali vya zamani walikuwa na karatasi za kuonyesha. Kenya nayo, mwaka 2003, kampuni ya Kimarekani ilipewa sehemu ya kinamasi cha Yala ilime mpunga, na wenyeji waliokuwa wakichunga na kukata mafunjo pale wakajikuta upande wa pili wa ua. Katika visa vyote hivyo aliyesema "binadamu kwanza" hakuwa na maana ya binadamu aliyekuwa anaishi pale.

Kuhusu elimu, nitakuwa mfupi. Katika Buganda kuna ukoo wa Ngaali, na mtu wa ukoo huo hali korongo taji wala hamdhuru, kwa kuwa ni mwiko wake. Ankole wanamwita entuuha, na mabonde ya huko yaliishi naye bila bango hata moja la mradi. Katika maeneo mengi ya kanda hii kumuua ni kujiletea mkosi. Wapo wanaotafuta mayai na manyoya yake kwa dawa za mapenzi, sikatai, na hao wakamatwe. Ila tukitaka kujua nani hasa alihitaji kuelimishwa, twende Rwanda. Huko ndege anaitwa umusambi, na kwa miaka mingi ilikuwa fahari kuwa naye kwenye bustani ya hoteli au ya nyumba kubwa mjini Kigali. Kinda alikamatwa bondeni na mtu maskini, ndiyo, lakini hakumkamata apate kumtazama akicheza. Alikuwa na mnunuzi. Ndege alikatwa mbawa au kuvunjwa asiruke, akalishwa mabaki, akafa bila kutaga. Mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwaandikisha na kuwarudisha ndege hao, serikali ikashiriki, wenye bustani wakaombwa wawatoe kwa hiari. Walioweza kuruka tena waliachiwa Akagera. Waliovunjwa kiasi cha kutopona wana makazi yao Kigali, katika kijiji cha Umusambi, na ukienda utawaona wakitembea na mbawa zinazoning'inia. Hesabu ya nchi nzima mwaka 2017 ilipata ndege 487. Miaka mitatu baadaye walihesabiwa 881. Katika kipindi hicho Rwanda haikupungukiwa na watu, na bado ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa kuliko zote barani.

Rwanda hiyo hiyo ina kisa kingine ambacho kila anayekiita kinamasi "ardhi iliyokaa bure" angepaswa kukisoma kabla ya kufungua mdomo. Kaskazini, juu ya mita 2,000, lipo bonde la Rugezi, kinamasi kirefu ambamo korongo taji hutaga. Maji yake huteremka taratibu hadi ziwa Burera, na kutoka Burera huanguka kwenda ziwa Ruhondo yakipitia mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walikausha sehemu za Rugezi ili walime, milima iliyolizunguka ikalimwa bila kinga, udongo ukashuka. Kinamasi kikapoteza uwezo wa kushika maji ya masika na kuyaachia kiangazi. Ukame na utunzaji mbovu wa mitambo vikaongezea. Mwaka 2004 Ntaruka, yenye uwezo wa megawati 11 hivi, ilikuwa ikitoa karibu megawati moja tu. Nchi ikaingia gizani, ikakodi majenereta ya dizeli, na gharama yake ilifika dola 65,000 kwa siku. Hiyo ndiyo bei ya ardhi iliyokaa bure. Serikali ikasitisha kilimo ndani ya kinamasi, ikaweka matuta na miti milimani, mwaka 2005 Rugezi ikaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na maji yakarudi pamoja na umeme.

Mpinzani wangu atadaka hapo: si umeona, wakulima waliondolewa! Waliondolewa kweli, na waliumia, maana katazo lilikuja kwa ghafla na wengi walipoteza mashamba waliyotegemea kula. Lakini tazama mfuatano wa mambo. Kwanza kinamasi kilikaushwa kwa jina la chakula. Kisha kilipokauka kiliwanyima watu maji, samaki, nyasi za kuezekea na taa. Ndipo wakafukuzwa, kwa sababu uharibifu ulikuwa umefika mahali ambapo hakukuwa na dawa ya upole. Bonde lililoachwa likiwa hai, likichungiwa pembeni na kukatwa mafunjo kwa zamu, halihitaji kumfukuza mtu. Leo vijana wa vijiji vinavyolizunguka ndio wanaolinda viota humo, nao wanajua jozi ipi iko wapi kuliko mtaalamu yeyote.

Na kwa wale wa upande wa pili, wahifadhi wenye imani kwamba dawa ni kuondoa watu, Tanzania ina jibu lao. Simtaji korongo hapa, nazungumzia hoja. Kuanzia mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka kila kiangazi, na bwawa la umeme la Mtera likalalamikiwa kwa kukosa maji. Wafugaji wa bonde la Usangu wakabebeshwa lawama yote: ng'ombe wao wanakanyaga kinamasi cha Ihefu, ng'ombe wao wanakunywa mto. Mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka. Ng'ombe hawanywi mto mzima. Wanaounywa ni mifereji ya skimu za mpunga juu ya Ihefu, nyingine zilizojengwa kwa fedha za umma na mikopo ya nje, ambazo milango yake ya maji ilikuwa wazi hata kiangazi. Watafiti walikuwa wameyasema hayo kabla ya operesheni, lakini mfugaji ni rahisi kumhamisha kuliko mradi.

Nakubali shutuma moja dhidi ya korongo, kwa sababu ni ya kweli. Mahindi yakipandwa leo, kesho asubuhi yeye na wenzake hupita kwenye mistari wakichokoa punje moja moja kwa ustadi wa kuudhi. Karanga nazo hazisalimiki. Mhifadhi anayelicheka jambo hili hajawahi kununua mbegu mara mbili kwa msimu mmoja. Ndipo wengine huchovya mbegu katika sumu ya wadudu na kuzimwaga shambani, na ndege hufa kwa makundi, pamoja na njiwa na kanga na pengine kuku wa jirani. Lakini uharibifu huu una muda wake, ni siku zile chache tangu mbegu iingie ardhini hadi mche usimame. Baada ya hapo ndege yule yule huzunguka shambani akila panzi na mabuu. Mtoto wa kufukuza ndege, debe la kupigwa, au malipo ya mbegu kwa wenye mashamba yaliyopakana na viota vingemaliza ugomvi kwa gharama ndogo kuliko posho za warsha moja. Sijasikia halmashauri iliyoweka kifungu hicho kwenye bajeti yake.

Tena siyo nadharia. Kijijini Kipsaina, jirani na ile Saiwa ndogo, Maurice Wanjala na wanakijiji wenzake waliunda kikundi cha kuhifadhi korongo na vinamasi miaka ya 1990. Hawakuzungushia ua. Walipanda miti ya kienyeji kwenye miteremko, wakaanzisha ufugaji wa nyuki na mabwawa ya samaki ili bonde liwe na faida likiwa na maji yake, wakazungumza na wenye mashamba mmoja mmoja. Korongo wakaendelea kutaga kando ya watu wanaolima mahindi. Nyandarua nako, pembeni mwa ziwa Ol Bolossat, wanaohesabu viota na kugombana na wachimba mifereji ni watu wa pale pale.

Mtu aliyebaki na shaka atauliza kuhusu mpunga, kwani watu lazima wale. Nami namuuliza ni mpunga wa nani na bonde lipi. Mabonde makubwa yenye skimu tayari yapo, na mengi yanazalisha chini ya uwezo wake kwa sababu maji yanapotea njiani. Kinamasi cha kichwa cha bonde, kile chenye jozi moja ya korongo, hakiwezi kulisha wilaya hata kikilimwa chote, ila kikikauka visima vya chini yake hukauka pia. Kinachohitajika kwa ndege ni kipande cha ndago kisichokatwa wala kukanyagwa tangu yai la kwanza hadi makinda waruke, yaani miezi mitatu au minne. Miezi mingine ng'ombe waingie, mafunjo yakatwe, mikeka isukwe. Mfugaji anaweza kuutoa muda huo, na wengi wamekuwa wakiutoa bila kuombwa. Kiwanda hakiwezi.

Kwa hiyo kabla kibali kinachofuata hakijagongwa muhuri, afisa mmoja ateremke bondeni asubuhi, awaulize wanaochunga pale jozi yao imetaga wapi mwaka huu na maji yale yanamfikia nani huko chini. Majibu ayaandike kwenye fomu ile ile ya kibali, pamoja na majina ya vijiji vinavyochota maji yale, na fomu ibandikwe ukutani ofisi ya kata ili isomwe na kila anayepita.